Asilimia mia ya Usman na ibada ya kwanza

Jumapili, tarehe 21 Agosti 2022, saa 1 na robo hivi asubuhi, nilikuwa nimekalia ndoo iliyofudikizwa katika gheto la mdogo wangu, Ngarenaro, kaunta buku mapajani, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Baridi ya Arusha ya Agosti mnaijua. Mlima Meru ulikuwa umejifunika gubigubi kama mtu mwenye homa, na umande ulikuwa unachuruzika kwenye mabati. Simu ikaita. Mama. Kengele ya ibada ya kwanza ilikuwa imeshalia, na mimi ndiye niliyepaswa kumshika mkono kupanda ngazi za kanisa. Nikaigeuza simu kifudifudi. Kwenye kompyuta ya dogo, kule Salt Lake City ambako ilikuwa bado Jumamosi usiku, Kamaru Usman, bingwa wa UFC, ligi ya Marekani ya mapigano mchanganyiko yaani MMA, alikuwa amebakiza chini ya dakika moja amalize raundi tano na Leon Edwards, aondoke na mkanda wake.

Nilikuwa nimeshaandika matokeo. Hilo linaniuma kuliko teke lenyewe. Safu ya mwisho ya daftari, kwa peni ya bluu: Usman, pointi.

Sababu nilikuwa nazo. Usman alikuwa hajapoteza pambano hata moja UFC, ameshinda 15 mfululizo, moja pungufu ya rekodi ya Anderson Silva. Edwards mwenyewe alishapigwa naye kwa pointi mwaka 2015. Majaji wote watatu, kama ilivyojulikana baadaye, walikuwa wamempa 39-37 baada ya raundi nne. Na ilikuwepo namba moja niliyoizungushia duara mara mbili: kuzuia kuangushwa, asilimia 100. Ndani ya UFC hapakuwa na mtu aliyewahi kumwangusha Usman.

Mtu huyo alipatikana raundi ya kwanza usiku uleule. Edwards alimtega mguu, akamlaza, akampanda. Fundi, aliyekuwa ameegemea ukuta na kikombe cha chai, akasema, "Kumbe anaanguka." Nikamjibu kwamba mara moja haivunji wastani. Raundi ya pili, ya tatu na ya nne zikanipa haki, Edwards akawa anatembea kama mtu aliyekwisha kusamehe, na mimi nikaandika. Kisha dakika ya 4 na sekunde 4 ya raundi ya tano, Edwards akatupa mkono wa kushoto, Usman akainamisha kichwa kuukwepa, na kichwa kikaenda kukutana na mguu wa kushoto uliokuwa unakuja nyuma ya mkono. Akaanguka chali. Dogo alimwaga chai kwenye godoro. Vijana wawili wa jirani walitoka nje wakakimbia hadi kwenye bomba na kurudi, sijui kwa nini.

Fundi hakukimbia. Aliomba daftari, akapitisha kidole chenye grisi mpaka kwenye duara langu, akauliza, "Dada, hii mia aliipata kwa nani?"

Nimeishi na swali hilo miaka kadhaa sasa, na makala haya ni jibu langu refu.

Kwanza mjue ninakotoka. Mimi ni mtunza stoo katika duka la spea Unga Limited. Fundi ana gereji ya gearbox ukuta wa pili. Ujanani alicheza judo, goti la kulia likamstaafisha. Kazi yangu ni kuhakikisha kitabu kinasema kilichopo rafuni. Kitabu kikisema beringi 40, ziwepo 40, nihesabu mimi, ahesabu bosi, ahesabu mtu wa kodi. Dogo aliponionyesha kwamba mapambano ya MMA nayo yana vitabu, kwamba kuna watu wanahesabu kila ngumi, kila teke, kila anayeangushwa na kila dakika ya kulaliwa, niliona nimefika nyumbani. Mapigo kwa dakika. Mapigo anayopokea kwa dakika. Asilimia ya mapigo yanayofika. Mara anazoangusha kwa kila dakika 15. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikachora mistari, nikaanza kuwapanga wapiganaji kama filta na plagi.

Tatizo ni kwamba beringi haina mpinzani. Ikae rafuni mwaka mzima, hakuna beringi nyingine itakayokuja kuifanya iwe ndogo. Namba ya mpiganaji haiko hivyo. Ukisema fulani anapiga mapigo sita kwa dakika, umesema habari za watu wawili na kuandika jina la mmoja. Sita hizo alizipata kwa watu waliokubali kusimama mbele yake, au walioshindwa kumkwepa, au waliochoka. Nusu ya namba ni yake, nusu nyingine ni ya waliokutana naye, na kitabu hakikuambii nusu inaishia wapi.

Rudi kwenye ile mia ya Usman. Nilipaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kuizungushia duara. La kwanza ni mara ngapi. Tuseme mtu amejaribiwa mara 20 na kuzuia zote. Kuna kanuni ya kitakwimu ninayoipenda kwa sababu haihitaji hata kikokotoo: jambo likiwa halijatokea hata mara moja, chukua 3 gawanya kwa idadi ya majaribio, utapata kiwango cha juu ambacho uwezekano wake unaweza kuwa umejificha, kwa uhakika wa asilimia 95 hivi. Tatu kwa 20 ni asilimia 15. Yaani huyo wa 20 kati ya 20 anaweza kabisa kuwa mtu wa kuanguka karibu mara moja katika kila saba, ila siku yake ilikuwa haijafika. Kipa aliyedaka penalti tatu za kwanza za maisha yake naye ana asilimia 100, lakini hakuna mwanachama wa Simba wala Yanga atakayelala usingizi kwa hilo.

La pili ndilo alilouliza Fundi: kwa nani. Usman alitoka kwenye mieleka ya vyuo vya Marekani. Mtu akipangiwa naye, kona yake, yaani makocha wake, haimwambii "kamwangushe". Inamwambia kaa mbali, usishikwe. Kwa hiyo waliojaribu ni wachache, na wengi wao walijaribu wakiwa wamekata tamaa. Njiro kuna geti limeandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, na tangu nilifahamu mwizi hajaruka ukuta ule. Asilimia 100. Siku moja nilipeleka mzigo pale, nikakuta hakuna mbwa. Simaanishi Usman hakuwa na mbwa. Alikuwa naye na meno anayo. Ninachosema ni kwamba geti na mbwa vilikuwa vimechanganyika kwenye namba moja, na mimi nikaisoma yote kama meno.

Halafu kuna suala la nani anahesabu, ambalo mashabiki wengi hawaligusi kabisa. Takwimu rasmi za UFC zilianza kupata sura na kampuni ya FightMetric ya Rami Genauer, na kiini chake ni watu waliokaa mbele ya skrini wakibonyeza. Kipimo kikuu ni kile ambacho sisi gheto tunakiita mapigo ya maana. Tafsiri yake ni hii: mkiwa mmesimama mbalimbali, kila pigo linalofika linahesabiwa, hata la kumpapasa pua, mkiwa mmekumbatiana au mko chini, linahesabiwa lile lenye nguvu tu, vile vya kugongagonga mbavu vinawekwa kwenye jumla ya kawaida. Kwa hiyo jebu inayopepea pua ni moja, na kiwiko kinachopasua nyusi ni moja. Kitabu kinaandika 1 na 1.

Tulijaribu kuhesabu wenyewe. Tulichukua pambano la Max Holloway na Calvin Kattar, Abu Dhabi, tarehe 16 Januari 2021, usiku ambao Holloway aliweka rekodi ya mapigo ya maana 445 katika pambano moja. Dakika 25. Igawanye: pigo moja kila sekunde 3 na kidogo. Hesabu kwa mdomo moja, mbili, tatu, kisha jipige kofi, urudie hadi dakika 25 ziishe, ndipo utajua Kattar ni mwanaume wa namna gani, kwa sababu alimaliza kwa miguu yake. Fundi alileta kopo la nati kutoka gereji. Kila pigo likifika, nati moja kwenye sahani. Mimi sahani yangu, yeye yake, hatutazamani. Tulifanya raundi moja tu, tukipunguza kasi ya video. Mwisho tulipishana nati saba. Tukarudia, tukapishana tano, na safari hii aliyezidisha alikuwa mwingine.

Nilikereka kama ninavyokereka stoo isipobalansi. Fundi akaniambia, "Hapo tumekaa, tunakunywa chai, tunarudisha nyuma. Je, jaji aliyekaa ubavuni, mgongo wa refa umemziba?" Tangu siku hiyo, nikisikia shabiki anasema majaji wameiba kwa sababu fulani alizidi mapigo manne, nakumbuka nati zangu. Mapigo manne ni kelele za kuhesabu, hayamshindishi mtu.

Ila ukubwa wa tofauti ukiwa mkubwa kweli, tafsiri ya namba ndiyo inayokuja kukutesa. Agosti 2025 kule Chicago, Khamzat Chimaev alimpokonya Dricus du Plessis wa Afrika Kusini mkanda. Alimlalia zaidi ya dakika 21 kati ya 25. Mapigo yote kwa jumla yalizidi 500. Yenye maana, kwa tafsiri ile ya wabonyezaji? Hayakufika 40. Sasa mtu ambaye hakutazama, anayefungua safu ya mapigo ya maana tu, atadhani lilikuwa pambano la kuvizia, la watu wawili waoga. Anayefungua safu ya jumla atadhani du Plessis alitolewa na machela. Ukweli ulikuwa kitu cha tatu: mtu amefunikwa kama turubai juu ya mzigo, anagongwa taratibu, hawezi kuondoka. Dogo alilala raundi ya tatu. Fundi hakupepesa jicho. Alikuwa anaona vitu vya judo ambavyo hakuna safu inayovihesabu, namna kiwiko kinavyobana nyonga, namna uzito unavyohamia kabla mtu hajaamua kuinuka. Nilimwomba anisaidie kuvitafutia safu. Akasema safu gani, huo ni uzito tu, utaandika uzito umekaa wapi?

Kuna jambo jingine lililonichukua muda mrefu kulielewa, nalo linamhusu Francis Ngannou. Mwaka 2021 gheto letu lilikuwa la wazalendo wa Afrika: Usman na Adesanya wa Nigeria, Ngannou wa Cameroon, wote watatu na mikanda kwa wakati mmoja. Lakini nyuma kidogo, Julai 2018, Ngannou alikuwa amepigana na Derrick Lewis pambano ambalo sijui kama nililitazama au niliota. Dakika 15, watu wawili wenye nguvu za kubomoa ukuta, na mapigo ya maana 31 kwa wote wawili. Lewis 20, Ngannou 11. Kwa Ngannou ni chini ya pigo moja kwa dakika. Lewis akapewa ushindi. Mtu angekokotoa wastani wa Ngannou baada ya usiku ule angesema huyu kijana kaisha.

Mapambano yake manne yaliyofuata: Curtis Blaydes sekunde 45. Cain Velasquez sekunde 26. Junior dos Santos dakika 1 na sekunde 11. Jairzinho Rozenstruik sekunde 20. Jumlisha. Dakika 2 na sekunde 42. Mapambano manne, karibu miaka miwili ya maisha ya mtu, na yote hayajazi raundi moja.

Sasa nikae na kaunta buku yangu nikokotoe. Ninazo dakika 15 za Ngannou aliyeogopa na dakika chini ya 3 za Ngannou wa kweli. Nikipima kwa dakika, Ngannou mwoga ana uzito mara tano na zaidi. Kila anavyozidi kuwa hatari ndivyo anavyozidi kuniachia ushahidi mchache, kwa sababu anawahi kumaliza. Na kinyume chake: wale wa kukokota pambano hadi mwisho, wa pointi, wasioangusha wala kuangushwa, ndio ninaowajua kwa desimali mbili. Stoo ingekuwa hivyo ningefukuzwa kazi. Ningekuwa na hesabu kamili ya vitu visivyouzika, na vinavyouzika sana ningekuwa navibahatisha.

Jinsi ya kujitetea ipo, ingawa haipendezi. Kwa watu wa aina hiyo naacha kupima kwa dakika, napima kwa pambano, na kila wastani nauvuta kuelekea wastani wa wapiganaji wote wa daraja lao la uzito, kwa nguvu zaidi kama dakika ni chache. Mtu mwenye dakika 3 za ushahidi namhesabu kama mtu wa kawaida mwenye dalili. Fundi anaita hivyo kutia maji kwenye maziwa. Ni kweli, ni maji, lakini ukinunua maziwa kwa mtu usiyemjua Kilombero sokoni, unachukulia nini?

Watu husema dawa ni kuwapanga wapiganaji kwa alama za Elo, ule mfumo wa mchezo wa chesi: unayemshinda mkubwa unapanda sana, unayemshinda mdogo unapanda kidogo. Tofauti ya alama 200 inakupa nafasi kama asilimia 76, tofauti ya 400 asilimia 91. Nimeutumia, na ni bora kuliko rekodi kavu ya ushindi na kushindwa. Ila mcheza chesi anacheza mamia ya michezo. Mpiganaji akipigana mara tatu kwa mwaka tunasema ana bidii. Na Elo inaamini kwamba ubora ni ngazi moja, aliye juu yuko juu ya wote walio chini. Sasa sikilizeni hii. Julai 2022, Alex Pereira alimtoa Sean Strickland kwa KO raundi ya kwanza. Aprili 2023, Israel Adesanya alimtoa Pereira kwa KO raundi ya pili. Septemba 2023, kule Sydney, Strickland akampiga Adesanya kwa pointi, majaji wote wamekubaliana. Pereira juu ya Strickland, Strickland juu ya Adesanya, Adesanya juu ya Pereira. Ngazi ipi hiyo? Ni kama zile hoja za vijiweni, Azam kamfunga fulani, fulani kamfunga Yanga, kwa hiyo Azam bingwa.

Na Pereira alishampiga Adesanya mara mbili kwenye kikiboksi kabla hata hawajakutana UFC, akampiga tena Novemba 2022, raundi ya tano, Adesanya akiwa anaongoza kwa pointi. Kuna kitu mikononi mwa Pereira kilichokuwa kinamsubiri Adesanya peke yake. Mtindo unakutana na mtindo. Hapo ndipo ninapomwachia Fundi kiti, maana yeye anaangalia miguu: nani anakanyaga nje ya mguu wa nani, nani anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Anaona kabla sijamaliza kufungua ukurasa. Halafu pia anakosea kwa kujiamini ambako mimi siwezi kukufikia. Alituapia kwamba Holloway hatolewi kwa KO na binadamu. Oktoba 2024 Ilia Topuria akamtoa raundi ya tatu. Nilimuuliza kwa upole, "Fundi, hiyo 'hatolewi' aliipata kwa nani?"

Umri niupitie haraka maana hauna siri. Wastani wa maisha hauzeeki, mtu anazeeka. Tony Ferguson alishinda 12 mfululizo, akakutana na Justin Gaethje Mei 2020 akiwa na miaka 36, na kuanzia hapo akapoteza 8 mfululizo. Kila alipopangiwa pambano, wastani wake wa maisha ulikuwa bado unamchora kijana. Nami niliendelea kuandika jina lake, mara tano hivi, kwa ukaidi wa mtu anayesubiri daladala ambayo imebadilishwa njia. Siku hizi mapambano ya zaidi ya miaka mitatu nyuma nayapa nusu ya uzito.

Hewa nayo. Salt Lake City iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, sisi Arusha kama 1,400, na wengi walisema kufifia kwa Edwards raundi za katikati kulitokana na hewa nyepesi. Yawezekana. Ninajua tu wageni wa Dar wanavyohema wakipanda kutoka mto Themi hadi Mnara wa Saa wakidhani wanaumwa. Daftari langu halina safu ya hewa, na hata nikiiweka nitaijaza na nini?

Dogo, kwa upande wake, hana habari na haya yote. Ana mkeka wa kubeti. Kila Jumamosi anachagua wapiganaji watano "wa uhakika", odi (malipo kwa kila shilingi unayoweka) ndogondogo, anaunganisha. Nilimkalisha chini siku moja. Odi 1.25 maana yake nini? Gawanya 1 kwa 1.25: asilimia 80. Mpinzani wake akiwa na odi 4.00, ni asilimia 25. Jumla 105. Ile 5 ya juu ndiyo chai ya mwenye duka, anakunywa ashinde huyu ashinde yule. Sasa hata tukimpa mwenye duka heshima tuseme 80 ni 80 kweli, watano wote kushinda ni 0.8 mara 0.8 hadi mara tano: asilimia 33. Mkeka wa watu watano wa uhakika unachanika mara mbili katika kila tatu. Dogo alisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Dada, sasa nikiweka wanne?" Mara nyingine akanirushia bondia Hassan Mwakinyo usoni: Septemba 2018, chalii wa Tanga anakwenda Birmingham, nyumbani kwa Sam Eggington, anammaliza raundi ya pili. Daftari lako lingesema nini, dada? Lingesema vibaya. Rekodi ya Mwakinyo ilijengwa na wapinzani ambao hakuna Mwingereza aliyewapima, na hakukuwa na daraja la kuvusha namba za huku hadi za kule. Ila dogo anamkumbuka Mwakinyo kwa sababu alishinda. Waliokwenda Ulaya wakapigwa kama odi zilivyosema, hana hata mmoja anayemkumbuka jina.

Hilo ndilo lililonifanya nibadilishe daftari. Baada ya teke la Edwards, watu walisema namba zimeumbuka. Je, ziliumbuka? Kama kabla ya teke ungesema Edwards ana nafasi ya asilimia 3, na ikatokea, hujakosea bado. Tatu si sifuri. Ungekosea kama mambo yako ya asilimia 3 yanatokea kila wiki. Kwa pambano moja huwezi kumhukumu mtabiri, kama ambavyo huwezi kumhukumu fundi kwa gearbox moja. Unahitaji nyingi, na unahitaji aandike kabla.

Kwa hiyo tukaanzisha mashindano, Fundi na mimi, kwa kipimo alichokipendekeza Glenn Brier mwaka 1950 kwa ajili ya watabiri wa hali ya hewa. Kila mmoja anaandika asilimia yake kwenye karatasi, tunakunja, tunaweka chini ya kopo la nati. Ukisema 70 na mtu wako akashinda, kosa lako ni 0.3, lizidishe kwa lenyewe: adhabu 0.09. Akishindwa, 0.7 kwa 0.7: 0.49. Anayesema 50 kila siku anapata 0.25 milele, huyo ndiye mpumbavu wa kulinganisha naye. Na aliyesema 95 akakosea? Adhabu 0.90, sawa na mtu aliyesema 70 na kupatia mara kumi.

Nilidhani nitamwosha. Nina kaunta buku tatu, yeye ana goti bovu. Tulipofunga hesabu za msimu wa kwanza, Fundi alikuwa mbele yangu. Si kwa mbali, lakini mbele. Nilipitia karatasi zote usiku, moja moja, nikitafuta alichokiona ambacho mimi sikukiona, na sikukipata, kwa sababu washindi tuliowachagua walikuwa karibu walewale. Tofauti ilikuwa kwamba Fundi hakuwahi hata siku moja kuandika zaidi ya 75. Mimi nilikuwa na 90, na 95, na moja ya 98 ninayoionea aibu mpaka leo. Nilipomuuliza kwa nini haendi juu ya 75 hata kwa mtu anayemwamini kabisa, alinyoosha ule mguu wake kwenye benchi, akapapasa goti. Alikuwa anaongoza, alisema. Sekunde kumi zimebaki.

Msimu huu nimejiwekea kikomo cha 85. Fundi ameanza kuomba kuona safu ya umri kabla ya kukunja karatasi yake, jambo ambalo mwaka juzi angeliita uchawi wa Wazungu. Jumapili iliyopita tulikuwa tumeshaweka karatasi chini ya kopo, dogo ameshalipia mkeka wa watu wanne, na raundi ya kwanza ilikuwa inaanza, simu ikaita. Nikapokea.

"Mama, nitakupitia ibada ya pili."

"Mnaangalia hao wanaopigana?"

"Ndiyo, mama."

"Nani atashinda?"

Nikamwambia nimempa mwenye kaptula nyekundu asilimia 64. Mama akanyamaza kidogo, nikasikia anatafuta viatu. "Na wewe hiyo 64," akasema, "umeipata kwa nani?"

Fundi alicheka mpaka kopo la nati likaanguka. Sijui ni yeye aliyemfundisha mama au vipi. Wanakutana pale dukani anapokuja kuchukua hela ya sadaka. Ilibidi tusimamishe video kuokota nati, na tulipozihesabu zilikuwa zimepungua mbili.